Anacheka na mimi, au anacheka tu?

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi seremala, naishi Mwanza. Binti yetu ana miaka sita. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, akatembea akiwa na miaka minne na nusu, na mpaka leo hana neno hata moja. Kwa muda mrefu tuliambiwa ni mtindio wa ubongo. Mwaka jana damu yake ilipelekwa kupimwa nje ya nchi, jibu likarudi: ugonjwa wa Angelman. Daktari akatuambia kasoro imetoka upande wa mama.

Swali langu si la dawa. Kila jioni nikifika kwenye mwembe pale kona, mtoto anasikia kengele ya baiskeli yangu, anaanza kucheka hata kabla sijaonekana. Nikiingia uani anarukaruka, anapiga mikono, anacheka mpaka anakaa chini. Nami nacheka. Nakwambia kweli daktari, sijawahi kupokewa hivyo na mtu yeyote, hata na wale wanangu wawili wakubwa. Uchovu wote unaisha palepale. Juzi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni mwalimu, akaniambia: "Huyo anacheka hata na ukuta. Ni ugonjwa huo. Usijidanganye." Tangu siku hiyo nikicheka naye naona aibu. Mke wangu naye hacheki kama mimi, siku hizi amekuwa mkimya. Majirani nao wana yao, kwa sababu mtoto ni mweupe kuliko sisi wote. Je, najidanganya? Anacheka na mimi, au anacheka tu?

Msomaji, Mwanza

JIBU

Baba, anacheka na wewe. Nimetanguliza jibu kwa sababu hilo ndilo ulilolisubiri. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na mambo kadhaa ambayo hukuniuliza lakini yamejaa kwenye barua yako.

Shemeji yako hakuzua. Kicheko kimo kwenye orodha ya dalili za Angelman, na kimekuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1965 daktari wa watoto wa Kiingereza, Harry Angelman, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Warrington, aliandika kuhusu watoto watatu waliopita mikononi mwake kwa nyakati tofauti. Hawakuwa ndugu, ila aliwaona wanafanana: hawasemi, wanatembea kwa kutetereka na miguu imekakamaa, wana kifafa, na wanacheka mara kwa mara. Enzi zile hapakuwa na kipimo cha kuthibitisha kwamba ugonjwa ni mmoja, kwa hiyo akasita kuchapisha. Kisha, akiwa likizo Italia, aliingia makumbusho ya Castelvecchio mjini Verona akakuta picha ya mchoraji Giovanni Francesco Caroto: mvulana anayecheka, ameshika karatasi yenye kikaragosi. Akawakumbuka wale watoto wake. Aliporudi akaandika makala na kuwaita "watoto vikaragosi". Waliomfuata wakaongezea: vikaragosi wenye furaha. Wazazi wengi hawakulipenda jina hilo, na mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani wakapendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Angelman mwenyewe.

Kikaragosi huvutwa kamba. Uso wake unacheka kwa sababu umechorwa ukicheka, hata ukikitupa jalalani. Shemeji yako, bila kujua, amerudi mwaka 1965.

Kuna waliotaka kujua zaidi. Mwaka 2002 Chris Oliver na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti ambao ningefurahi shemeji mwalimu ausome. Waliwatazama watoto wenye Angelman katika hali mbalimbali: mara mtoto ameachwa bila wa kushughulika naye, mara yuko na mtu mzima anayemtazama machoni, anayesema naye, anayemgusa. Kazi yao ikawa kuhesabu tabasamu na vicheko. Vilikuwa vingi pale mtu alipokuwepo na kumjali. Mtoto akiachwa peke yake, vilipungua sana. Kingekuwa kicheko cha ukuta, kingebaki vilevile mtu awepo asiwepo.

Nisikudanganye kwa upande wa pili: kicheko cha watoto hawa kipo karibu na mdomo kuliko changu na chako. Kitu kidogo tu kinakitoa. Mfuko wa biskuti unaochakarisha, maji yanayomwagika, mtu kupiga chafya. Wakati mwingine kinatoka usijue kimetoka wapi, hasa wakiwa wadogo. Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Anaanza kucheka kabla hujaonekana. Maana yake anaitofautisha kengele yako na za baiskeli nyingine zinazopita hapo kwenye mwembe mchana kutwa, anakumbuka kinachofuata baada ya kengele hiyo, na anakingoja. Kumbukumbu, matarajio na upendeleo, vyote vimo, kwa mtoto ambaye kuna watu wanaodhani hajui kitu kwa sababu hasemi. Kwa watoto wenye Angelman kuelewa huwa mbele sana ya kusema. Ukuta hauna kengele, baba.

Sasa nije kwenye sentensi moja uliyoipitisha haraka: "Daktari akatuambia kasoro imetoka upande wa mama." Aliyewaambia hivyo hakusema uongo, ila aliikata habari katikati, na mimi nimeona nyumba zikitikisika kwa habari iliyokatwa hapo.

Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi, moja ya baba na moja ya mama. Jeni linalohusika hapa linaitwa UBE3A, lipo kwenye kromosomu ya 15 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), na lilitambuliwa kuwa ndilo chanzo mwaka 1997. Sehemu kubwa ya mwili hutumia nakala zote mbili. Ila katika seli za neva za ubongo, nakala iliyotoka kwa baba hulala. Hiyo ni kwa binadamu wote. Niliyopewa na baba yangu imelala, uliyopewa na baba yako imelala, ya shemeji mwalimu nayo imelala fofofo. Ubongo unaendeshwa na nakala ya mama peke yake, na hiyo ikikosekana hakuna ya akiba. Kwa takriban watoto 70 katika kila 100 wenye Angelman, kilichotokea ni kipande cha kromosomu kukatika na kupotea, kwa kawaida wakati yai linatengenezwa, kabla hata mimba haijaingia. Mkeo hakula kitu, hakubeba ndoo nzito, hakumeza dawa ya malaria isiyofaa, hakumkosea mtu. Ukilazimisha kutafuta wa kulaumiwa utajikuta unailaumu nakala yako kwa kulala, na hiyo nayo haikukuomba ruhusa.

Na weupe wa mtoto? Kwenye kipande hichohicho kinachopotea kuna jeni jingine, OCA2, linalosaidia kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho. Mtoto akikosa nakala moja, rangi hufifia kidogo akawa mweupe kuliko ndugu zake. (Zikiharibika nakala zote mbili ndipo inapotokea aina ya ualbino iliyoenea zaidi katika Afrika yetu.) Kwa hiyo majirani wanaponong'ona, wanasoma kipimo cha damu bila kujua: weupe huo unanidokeza kwamba aina ya binti yenu ni hii ya kipande kupotea. Toa karatasi ya majibu muisome na daktari wenu. Ikithibitika ni hiyo, uwezekano wa kumpata mwingine mwenye Angelman ni chini ya mmoja katika 100. Zipo aina chache ambazo mama hubeba badiliko bila yeye kuumwa, na huko uwezekano unaweza kufika nusu kwa nusu, ndiyo maana nasema msome karatasi, msikisie. Kisha ukitoka hapo mweleze mkeo wewe mwenyewe, kwa maneno yako, mkiwa wawili. Asiisikie kwangu.

Kwa sababu, baba, nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimesimama palepale: "Mke wangu naye hacheki kama mimi, siku hizi amekuwa mkimya."

Kinababa wanaofika kliniki yangu ni wachache, na wakifika hunisimulia vicheko. Kinamama hunisimulia saa. Saa nne usiku alilala, saa saba akaamka, saa tisa nikambeba mgongoni, saa kumi na moja akapitiwa, saa kumi na mbili jogoo. Watoto wenye Angelman wengi hulala kidogo na hukatiza usingizi. Na wakiamka, mara nyingi wanaamka na furaha ileile. Kicheko kinachokupokea saa kumi na mbili jioni, ukiwa umetoka kazini, kinamwamsha mkeo saa nane usiku. Wewe unakipata kikiwa salamu, yeye anakipata kikiwa kengele ya zamu.

Kuna mama mmoja alikuja asubuhi na kijana wake wa miaka minne. Nilikuwa naandika, kalamu ikaisha wino, nikageuka kutafuta nyingine kwenye droo. Nilipomrudia, mama alikuwa amelala. Ameketi wima, mgongo haujagusa kiti, kamba ya suruali ya mtoto ameizungusha kidoleni ili akiondoka imshtue. Mtoto alikuwa anaivuta kamba hiyo na kucheka, anavuta na kucheka, na mama haamki. Nikaweka kalamu chini nikasubiri robo saa. Foleni nje ilinuna, muuguzi akachungulia mara mbili. Yule mama alipoamka aliomba radhi kana kwamba ameiba.

Huyo naye humpenda mwanawe. Ila ukimuuliza saa hiyo kama ana furaha, hajui swali linahusu nini. Mkeo hajapungukiwa upendo. Amepungukiwa usingizi, na pengine anabeba lile neno la "upande wa mama" peke yake kifuani.

Hapo ndipo ufundi wako unapoingia, na nakuonea wivu, maana wazazi wengi huniuliza kitanda hiki wakinunue wapi nami sina pa kuwaelekeza. Mtengenezee binti yako kitanda chenye kuta. Kuta zimfikie kifuani akisimama juu ya godoro, na uongeze kidogo kwa sababu anakua. Ukiweka fito, ziwe za kusimama, usiweke za kulala maana atazifanya ngazi, na mwanya kati ya fito na fito usizidi sentimita sita, kichwa kisipite. Kona zote zivunje kwa msasa. Usipake rangi yenye risasi wala vanishi usiyoijua, kwa sababu huyu ataung'ata ubao. Watoto hawa hutia kila kitu mdomoni kwa miaka mingi. Neti ya mbu ifunge kwa nje ya fremu asiifikie. Mlango uwe na komeo la nje linalofunguka kwa mkono mmoja, gizani, kwa ajili ya degedege au moto. Ndani weka godoro na kitambaa anachokipenda, basi. Lengo ni kwamba akiamka saa nane akacheka na vidole vyake, awe mahali ambapo hawezi kuumia, ili mkubwa anayemsikiliza asilazimike kusimama kila mara.

Mengine ya usingizi nitayapita haraka. Saa ya kulala iwe ileile kila siku, taa na simu zizimwe mapema, na apimwe upungufu wa madini ya chuma, maana huchangia kukosa utulivu usiku. Kuna melatonini, homoni ya usingizi, ambayo kwa kipimo kidogo huwasaidia baadhi, aiandike daktari. Hizi dawa za mafua za kumlevya mtoto alale, ambazo wengi huzinunua kimyakimya dukani, ziacheni.

Nimesema anacheka na wewe. Lakini sitaki uache kujiuliza lile swali. Nataka uwe unajiuliza kila siku, na nitakueleza nilivyojifunza hivyo kwa kukosea.

Miaka yangu ya mwanzo nililetewa mvulana wa miaka tisa mwenye Angelman. Alikuwa anacheka kuliko siku zote, kicheko kikubwa cha kurudisha kichwa nyuma. Mama akaniambia, "Daktari, hiki kicheko si chake." Nikasikiliza kifua, nikapima joto, nikaangalia masikio na koo, nikaminya tumbo. Nikamwambia mtoto mzima kabisa, tena tazama alivyo na furaha. Siku ya tatu wakarudi, shavu limevimba mpaka jicho linafunga. Jino la gego lilikuwa limeoza na kutunga usaha. Yule mama hakunilaumu kwa neno. Alinitazama tu, na mimi nilikuwa sina pa kuyaweka macho yangu.

Baadaye nilimwomba anielezee kicheko kile kilikuwa na nini. Akasema: kirefu, hakina pumzi, na macho hayanitafuti. Nimelitumia hilo tangu siku hiyo. Watoto hawa wanaweza kucheka wakiwa na hofu, wakiwa na maumivu, wakiwa wamechoka kupita kiasi. Wengi pia hufunga choo na hucheua asidi ya tumboni, na hawana neno la kusema "inaniuma". Anayeweza kutofautisha ni yule aliyecheka nao mara elfu. Kicheko cha kwenye mwembe unakijua: kina wewe ndani yake, anakuangalia, anakuja, anashika shati. Siku ukikisikia kicheko ambacho macho hayamtafuti mtu, au amecheka huku anajipiga sikio, amekataa ugali, usingizi umekuwa mbaya kuliko kawaida yake, mpeleke, na uwaambie kama yule mama: hiki si chake. Wasipokusikiliza rudia. Furaha unayoionea aibu ndiyo iliyokufundisha kumsoma. Mimi nilisoma vitabu nikalikosa jino.

Halafu mpe njia ya kusema. Chukua kipande cha plaiwudi, kikubwa kama kurasa mbili za daftari, ukipige msasa vizuri. Piga picha kwa simu vitu vyake mwenyewe: kikombe chake, sahani yake, choo chenu, mlango wa kwenda nje, wewe, mama yake. Zichapishe duka la steshenari, zifunike kwa plastiki ngumu asizitafune, zibandike. Picha sita zinatosha kuanzia. Ya saba iwe "inauma": mpige picha kaka yake ameshika shavu na kukunja uso. Kosa la wengi ni kumwekea mtoto ubao mbele wakamwambia onyesha. Hakuna mtoto aliyejifunza Kisukuma kwa kuamriwa aongee. Alisikia watu wakikiongea. Kwa hiyo nyinyi ndio muanze kuutumia. Ukisema "maji", gusa kikombe. Ukisema "twende nje", gusa mlango. Miezi inaweza kupita hajagusa kitu, nanyi msichoke. Mtafutieni na mtaalamu wa tiba kwa vitendo hospitali ya rufaa awaongoze, ila ubao usimngoje yeye.

Ulisema swali lako si la dawa. Hili moja nivumilie. Hukutaja kifafa, na zaidi ya watoto 80 katika 100 wenye Angelman hukipata, mara nyingi kabla hawajafika miaka mitatu. Kama binti yako anameza dawa ya kifafa, kaichukue pakiti usome jina. Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kama Tegretol, ni dawa nzuri kwa kifafa cha namna nyingine na inapatikana kwenye vituo vyetu vingi. Lakini kwa Angelman inaweza kuongeza mishtuko na vipindi vya kuduwaa badala ya kuvipunguza. Ukiikuta, usiikatishe ghafla, maana kukatisha nako ni hatari. Nenda kwa daktari wiki hiyohiyo na karatasi ya jibu mkononi, mzungumzie kubadili. Zipo zinazofaa zaidi: valproeti, levetirasetamu, klobazamu. Kwa kuwa ni binti, valproeti ina mazungumzo yake akikaribia kuvunja ungo, kwa sababu inadhuru mimba.

Maji. Watoto wenye Angelman huyapenda maji hadi kupitiliza, nawe unaishi mji wenye ziwa mlangoni. Ndoo, beseni, pipa, mtaro wakati wa masika, vyote ni ziwa kwa mtoto anayetetereka. Pipa litengenezee kifuniko kizito leo. Kisha mpe maji kwa saa yake: beseni uani jioni, wewe umekaa kando kwenye kigoda, mkono wako unamfikia. Hapo utaona kicheko ambacho bado hujakiona. Na karakana yako, samahani, si mahali pake, misumari inaingia mdomoni kabla hujageuka.

Jingine ni zito kidogo. Mtoto anayemchekea kila mtu na kumkumbatia kila mtu hana ngao. Wewe na mkeo kubalianeni nani anamwogesha, nani anambadilisha nguo, nani anabaki naye nyumbani. Orodha iwe fupi, na msimwonee mtu haya. Atakua, atavunja ungo kama wasichana wengine, na umri wake unaweza kuwa mrefu karibu sawa na wa watu wote. Kicheko chenyewe hupungua kidogo miaka ikienda. Siku ukikuta anakupokea kwa tabasamu tu, usidhani amekusahau, amekuwa mkubwa.

Mtawasikia pia wanaouza tiba. Watafiti wanajaribu dawa za kuiamsha ile nakala ya baba iliyolala, zinazochomwa kwenye uti wa mgongo. Jambo la kutia moyo kweli. Ila mpaka ninapoandika haya bado ziko kwenye majaribio, na mwaka 2020 jaribio moja lilisimama kwa muda baada ya watoto kadhaa kupata udhaifu wa miguu, ambao baadaye uliisha. Atakayekuja Mwanza na chupa akasema hii ndiyo yenyewe, mwonyeshe njia. Usiuze kiwanja.

Kuhusu upweke wenu, nikupe hesabu moja. Inakadiriwa mtoto mmoja katika kila 12,000 hadi 20,000 huzaliwa na Angelman. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania zaidi ya milioni 61. Ukigawa hata kwa ile 20,000, unapata zaidi ya watu 3,000. Mimi niliowahi kuwaona hawafiki hata sehemu ndogo ya hao. Waliobaki wako majumbani, wengi wamepewa jina la mtindio wa ubongo au usonji kama mlivyopewa nyinyi. Haikuwa bahati yenu mbaya tu. Colin Farrell, mwigizaji wa filamu kutoka Ireland, ana kijana mwenye Angelman, naye mwanzoni aliambiwa ni mtindio wa ubongo. Kijana wake alipiga hatua za kwanza akikaribia kutimiza miaka minne, na baba mtu amesimulia hadharani furaha ya siku ile. Wewe ulisubiri minne na nusu. Najiuliza kama kuna mtu aliyewahi kukuuliza yako ilikuwaje.

Shemeji usigombane naye. Mwalike jioni moja. Mkalishe uani karibu na mtoto saa kumi na moja na nusu, usimwambie neno. Baiskeli mbili tatu zipite pale kwenye mwembe, kisha upite wewe.

Na Ijumaa hii zamu ya usiku ichukue wewe. Mwambie mkeo akalale chumba kingine, au kwa dada yake kama yuko karibu, na simu aizime. Ubebe chai kwenye chupa. Saa nane binti yako ataamka akicheka, na atakusubiri ucheke naye kama jioni. Usiwashe taa, usiongee, usimwondoe kitandani. Mpe mkono tu kupitia kwenye fito aushike. Itachukua saa moja, pengine mbili. Asubuhi mkeo akiamka, usimsimulie ulivyochoka. Muulize yeye, usiku wake wa kawaida huwaje, na umwache amalize.